Jirani Mwenye Kinu

Kambini, jangwani kusini mwa Kuwait
Novemba 20, 1984

Falah, mdogo wangu,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha wifi yangu Mahira, kisha huo mtaa wako wa Bombay usiolala. Mwanangu Badar alipokutembelea alirudi na kunisimulia kwamba mnakaa juu ya soko la vyuma, mikokoteni inapita chini ya dirisha usiku kucha, na wewe unakoroma kama mtoto aliyeshiba. Watu tunahama mji kukimbia kelele, wewe umehama nchi kuzifuata.

Sisi hatujambo. Badar ananenepa, mkewe Anud anakonda, nadhani anampa na chakula chake. Mama yetu macho yanazidi kufifia, lakini masikio bado ni yale yale yaliyokuwa yakitusikia tukiiba tende.

Mwaka huu tumesimamisha mahema pale pa zamani, chini ya kilima cha Baba. Najua utashangaa, maana hatujakanyaga hapo tangu ujana wetu. Ni Mama aliyetaka. Nilimwambia twende kule kwa kila mwaka, akasusa chakula. "Nataka kulala pale," anasema, na hana neno jingine. Mjini halali kabisa, Falah. Anakaa kitandani macho wazi mpaka asubuhi, na daktari anasema moyo wake hautavumilia hali hiyo. Huenda huu ndio msimu wake wa mwisho jangwani. Mimi sitaki kitu mwaka huu ila mama yangu apate usingizi.

Jambo moja limenifurahisha. Alfajiri ya kwanza nilisikia kinu cha kahawa upande wa kaskazini, shaba safi, mchi unapiga mara tatu ndani na mara ya nne ukingoni ili kinu kiimbe. Siku hizi nani bado anatwanga kahawa kwa mkono? Nikasema, alhamdulillah, tuna jirani anayejua mambo. Kulipokucha nikatazama kaskazini, sikuona hema, mchanga mtupu. Basi huenda ni kambi ya mbali, sauti jangwani hutembea itakavyo.

Wiki iliyofuata ndipo ikaja familia moja ikasimamisha hema hapo hapo kaskazini, pamoja na jenereta la kutosha kuwasha hospitali. Nitavumilia, lakini sijui kwa muda gani.

Dada yako,
Wadha

* * *

Bombay
Desemba 5, 1984

Dada yangu Umm Badar,

Mkono wako naubusu, na wa Mama naubusu mara mbili. Mahira anakusalimu, ameng'olewa jino na kwa siku kadhaa nyumba imekuwa na amani, usimwambie nimesema hivyo. Biashara ya mchele inakwenda kwa kusuasua. Kelele za mtaa wangu ziachie mimi, tumezoeana.

Kuhusu kambi, ushauri wangu ni kwamba mhame. Pale pana mchanga laini, magari yatawakwama, na nge ni wengi. Badar awapeleke kule kwa kila mwaka. Mama akisusa chakula, msusie na wewe, ataona njaa atakula.

Halafu hicho kinu. Una hakika pigo la nne lilikuwa ukingoni? Na Mama anasema lolote kuhusu mahali hapo? Nijibu hayo mawili tu. Mengine usiniulize, dada, nakuomba kwa heshima yote.

Ndugu yako,
Falah

* * *

Kambini
Desemba 22, 1984

Falah,

Salamu zako zimefika na amri yako imefika pia. Tangu lini mdogo anamhamisha mkubwa wake kwa posta? Fimbo ya mbali haiui nyoka, na kama pana nyoka hapa, mtaje kwa jina. Nge wako kila mahali. Hatuhami.

Wote wazima. Mvua ya kwanza imenyesha vizuri, mwaka huu uyoga wa faqa utakuwa tele, na Badar ameshaanza kuinama inama jangwani kama mtu aliyeangusha pete. Mpe pole Mahira kwa jino. Nimemwandikia ulivyosema, kwa barua yake mwenyewe.

Umeniuliza kuhusu kinu. Ndiyo, ya nne ni ukingoni. Kilizidi kulia kila alfajiri mpaka nikaona haya. Unajua mwenyewe kwamba kwetu kinu ni wito: jirani akitwanga anakuita kahawani, na ukiitwa siku baada ya siku usiende, ni kama umemtemea mate. Kaskazini palikuwa na hema moja tu, basi nikavaa abaya, nikabeba tende, nikaenda. Mwenye hema anaitwa Ghazi, mwalimu, na mkewe Nuriya, na watoto wao watatu. Wakanitokea macho yamevimba usingizi.

"Nimeitikia kinu chenu," nikasema.

"Kinu gani, mama?"

"Cha kahawa. Mnachotwanga alfajiri."

Wakatazamana. Nuriya akaingia ndani, akatoka na kopo. "Sisi tunanunua iliyosagwa tayari. Kinu sina, labda nikupigie hili kopo."

Tukacheka sote. Nikanywa kahawa yao ya kopo, mbaya kweli, nikasema nzuri. Lakini njiani kurudi niligeuka kutazama, kwa sababu mtu anayetwanga alikuwa amekaa pale pale walipokuwa wamekaa wao. Sina sikio la kukosea mahali.

Basi hilo nikaliacha. Tatizo langu likawa jenereta na redio, mpaka usiku wa manane. Mama anatetemeka kitandani. Nikarudi kwao jioni moja.

"Ghazi mwanangu, nina mzee ndani. Hilo dude lako linamtafuna."

"Mama, mbona hukusema tangu siku ya kwanza? Sisi tulikuwa tunaambizana, majirani wetu watulivu, hata kikohozi chao hakisikiki."

"Kwa mngurumo huo hata kiyama hamtakisikia."

Nuriya akamgonga mumewe begani. "Nilikwambia. Nilikwambia au sikukwambia?"

"Ulisema, lakini jenereta lilikuwa linaunguruma."

Watu wazuri, Falah, nisiwasingizie. Jioni ile ile wakatuletea sinia la kaimati za moto kuomba radhi. Siku hizi baada ya swala ya isha jenereta linazimwa. Redio wanaisikiliza ndani, na ili watoto wasitusumbue wanashusha pazia zote za hema, wanafunga kamba kwa ndani, na pindo za chini wamezifukia mchanga. Hautoki mnong'ono. Bila jenereta hita yao haifanyi kazi, na baridi imeingia kwenye mifupa, basi Nuriya anaingiza jiko la mkaa. Nimewarudishia sinia lao na tende juu yake, maana sinia halirudi tupu.

Ungedhani Mama sasa angelala. Wapi. Kimya kimemfanya vibaya kuliko kelele. Anakaa na kuniuliza, "Wamefunga hema?" Namwambia wamefunga, Mama, kwa ajili yako, lala. Hapo anaanza kulia. Juzi kaniambia, "Mwambieni Abu Hamlan apige tu. Hanisumbui."

Abu Hamlan ni yule jirani wetu wa zamani aliyehamia Zubair na familia yake nzima bila kuaga, au yuko mwingine? Namkumbuka vizuri sana, kwa sababu ya binti yake Mizna. Tulilishana chakula kijiko kimoja, mimi na Mizna. Akaondoka bila kuniandikia hata mstari mmoja. Nimeolewa, nimezaa, nimefiwa na mume, na mpaka leo nikisikia jina Zubair nanuna. Na wewe ulikuwepo msimu ule. Nieleze kwa nini Mama anamtaja.

Wadha

* * *

Bombay
Januari 10, 1985

Dada,

Sikusalimu leo, utanisamehe. Barua yako imekwama njiani wakati wa mapumziko ya mwisho wa mwaka na nimeipata asubuhi hii. Kabla hujasoma mstari unaofuata, inuka uende kwa Ghazi. Wafungue hema. Jiko litoke nje. Kisha rudi usome.

Nimepiga simu nyumbani kwenu mjini tangu asubuhi, inalia bila kupokelewa, maana wote mko jangwani. Nimepeleka telegramu, lakini najua itatupwa chini ya mlango na itakaa hapo mpaka Badar apite. Mahira ananiuliza nina nini, nimemwambia ni bei ya mchele.

Abu Hamlan hakuhamia Zubair.

Msimu ule Mama alikuwa ametoka kumzika yule mtoto wetu wa mwisho, unamkumbuka, yule aliyeishi wiki moja. Alikuwa halali. Kwa Abu Hamlan walikuwa wanajiandaa kumwoza Hamlan, wanapiga matari na kuimba kila usiku. Baba alikwenda kuwaomba. Alikwenda kwa adabu, na wao wakampokea kwa adabu, na usiku ule wakaleta sinia la kaimati kutuomba radhi. Wakashusha pazia za hema lao ili sauti isitoke. Wakafunga, wakafukia pindo kwa mchanga. Ilikuwa ile baridi iliyogandisha maji kwenye viriba. Jiko lilikuwa ndani.

Asubuhi Baba akanipa lile sinia niwarudishie, limejaa tende. Nikaita nje ya hema, hakuna aliyeitika. Nikadhani wamelala kwa uchovu wa nyimbo, nikaona vibaya kuwaamsha, nikasimama pale na sinia langu. Mwishowe nikaweka sinia chini, nikafungua kamba. Mizna alikuwa karibu na mlango. Walikuwa wamejipanga kama watu waliolala vizuri, Wadha. Hapakuwa na kelele yoyote.

Wanaume wakawazika upande wa pili wa kilima. Baba akakata shauri kwamba ninyi wanawake mwambiwe wamehama, kwa sababu aliogopa Mama akijua kwamba walinyamaza kwa ajili yake, hatapona. Akaniapisha. Hakuna aliyekosa adabu usiku ule, si sisi wala wao, na nadhani ndiyo maana jambo lenyewe haliishi. Ingekuwa ugomvi, tungepatana.

Mama alijua. Sijui alijuaje. Alfajiri iliyofuata alimwambia Baba, "Mbona Abu Hamlan anatwanga na umesema wamehama?" Tatu ndani, ya nne ukingoni. Ilikuwa ni yeye tu aliyetwanga hivyo. Baba akang'oa mahema siku ile ile.

Sasa umejua kwa nini siwezi kulala mahali pa kimya. Nakuomba unijibu neno moja tu, kwamba wamefungua.

Falah

* * *

Kambini
Januari 13, 1985

Falah,

Salamu. Hujanijibu, na safari hii nina cha kukusimulia, kwa hiyo sitakusubiri. Sote tuko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu sitaki usome mwandiko huu uliopinda ukadhani vingine.

Juzi kabla ya swala ya alfajiri kinu kililia. Si kama siku zote, Falah. Siku zote kinapiga taratibu, kama mtu anayengoja maji yachemke. Juzi kilipigwa kwa nguvu, upesi upesi, na ya nne ukingoni ikawa inachanika. Nikakasirika. Nikajisemea, huyu mwalimu ananichezea, amenunua kinu kwa siri anitanie mimi mtu mzima, leo namkamata na mchi mkononi. Mama alikuwa ameshakaa.

"Anakuita," akasema. "Nenda."

"Naenda kumnyamazisha."

"Usimnyamazishe mtu," akasema Mama, na akanisukuma. Sijasukumwa na Mama tangu nikiwa msichana.

Nikatoka na taa. Kadiri nilivyokaribia ndivyo kinu kilivyozidi, mpaka nilipogusa hema lao. Hapo kikakatika. Nikaita, "Ghazi." Kimya. "Nuriya." Kimya. Unajua sisi tulivyofunzwa: hema lililofungwa halifunguliwi na jirani, hata likiungua uite kwanza. Nikasimama. Nikafikiri, nitawaamsha watoto bure, watasema yule bibi haridhiki, tumezima jenereta bado anatufuata. Nilikuwa nimegeuka kurudi, Falah. Nilikuwa nimepiga hatua.

Ndipo likaja pigo moja. Moja tu, ukingoni, nyuma ya sikio langu.

Nikatia mikono kwenye mchanga nikafukua pindo kama mbwa, nikamwita Badar kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Akaja na kisu akakata kamba. Hewa iliyotoka ilikuwa nzito na ya joto, haina moshi, haina harufu ya kukuonya. Tuliwavuta nje kwa miguu. Ghazi akatapika, nikamshukuru Mungu kwa yale matapishi. Nuriya akaamka akilia kichwa. Watoto wawili wakaamka. Yule mdogo, Dalal, hakuamka.

Badar akampeperushia hewa na kumpulizia mdomoni, mimi nikamsugua miguu, Nuriya akawa anasema, "Nyamaza, usilie, utamwamsha bibi," anamwambia mtoto ambaye hakuwa analia. Akili yake ilikuwa bado imo ndani ya lile hema. Sitalisahau neno lile. Jua lilipotoka Dalal akakunja kidole, kisha akalia, akalia mpaka kambi zote zikasikia. Nikakaa chini mchangani na mimi nikalia naye.

Tuliwapeleka hospitali mjini, wamerudi jana, wazima. Ghazi ananibusu kichwa kila akiniona, ananiuliza nilijuaje. Nimwambie nini? Nilimwambia nilikuja kulalamika kelele. Akacheka, akadhani ni utani.

Nimekagua hema lao lote. Hamna kinu.

Wadha

* * *

Kambini
Februari 3, 1985

Falah, ndugu yangu,

Nakusalimu kama inavyopasa, ingawa nina hasira na wewe. Barua yako ya Januari ameileta Badar pamoja na telegramu aliyoikuta chini ya mlango, zote siku moja. Nimeinuka kama ulivyoagiza, nikasimama katikati ya hema na barua mkononi, halafu nikakumbuka kwamba nimeshakwenda. Neno unalolitaka ni hili: wamefungua. Utakuwa umelipata pia katika barua yangu ya nyuma.

Sasa nisikilize. Ninyi wanaume mlitunyamazia kwa huruma, na huruma yenu karibu iniulie watu watano. Ningelijua, nisingeomba kimya mahali hapa hata kama jenereta lingewekwa kitandani kwangu. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa nadhani ni msemo tu. Baba nimemsamehe kwa sababu amekufa. Wewe nitakusamehe nikikuona.

Na Mizna. Nimemnunia Mizna tangu ujana wangu, nikimwita mwenye majivuno, nikimwita msahaulifu, kumbe amelala upande wa pili wa kilima na mimi nimepita hapo mara ngapi msimu huu nikichimba uyoga. Nilikwenda. Mawe yapo, yamekaa vizuri. Nilimwomba radhi kwa sauti kubwa, kwa sababu nimechoka na minong'ono.

Nilimwambia Mama kwamba najua. Akasema, "Afadhali," akaomba chai. Baadaye akaniambia kwamba ndiyo maana alitaka kuja hapa: alitaka kulala mahali walipolala kwa ajili yake, na alitaka kuwaambia kwamba hawakuwa wanamsumbua. Zile nyimbo za harusi zilikuwa ndicho kitu pekee kilichokuwa kikimliwaza baada ya mtoto wake kufa. Hakuna aliyemuuliza, Falah. Baba alikwenda kuomba kimya bila kumuuliza.

Basi nimefanya nilichoona ni haki. Nimemtuma Badar mjini akanunua kinu cha shaba, kizito, nikampa Nuriya. Nikamwambia, kila alfajiri utwange, na jenereta liwashwe mpaka mtakapotaka, na hema lisifungwe, na mkaa usivuke kizingiti.

"Na bibi je?" akauliza.

"Bibi ndiye anayetaka."

Nuriya hajui kutwanga. Anapiga mara tano, mara mbili, anajipiga kidole, anacheka, anaanza upya. Kelele mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia. Watoto wanafukuzana, redio inaimba, jenereta linatetemesha vikombe vyangu. Katikati ya hayo yote Mama analala. Analala mdomo wazi, Falah, tangu isha mpaka jua linapanda, na mimi nakaa macho kwa furaha na kwa jenereta.

Kile kinu kingine sijakisikia tena tangu Nuriya apate chake. Nilimuuliza Mama kama yeye anakisikia. Akasema, "Ameshapata wa kumpokea, sasa anakunywa." Akageukia upande wa pazia, akalala.

Msimu unakwisha mwezi ujao.

Dada yako,
Wadha

* * *

Bombay
Februari 19, 1985

Dada Wadha,

Mkono wako naubusu, na mkono wa Mama, na mikono ya Ghazi na Nuriya na watoto wao watatu, na kidole kile cha Dalal peke yake.

Nilisoma barua yako dirishani kwangu, mikokoteni ikipita chini. Mahira akaniuliza, "Unalia nini?" Safari hii nikamweleza, tangu mwanzo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akafunga madirisha yote ya upande wa soko. Nilitaka kumzuia, nikamwacha. Tukakaa humo kimya. Nilihimili muda mfupi, nikamwomba afungue. Lakini nilihimili.

Nimepata nafasi katika ndege ya mwanzoni mwa Machi. Badar asinipokee mjini kwa karamu, anilete moja kwa moja jangwani. Nakuja na sinia. Nimelinunua hapa, kubwa, na nitalijaza tende nikifika, nilipeleke upande wa pili wa kilima. La kwanza nililiacha chini mlangoni kwao, na sijui nani alilichukua.

Usiwaambie majirani wapunguze sauti kwa sababu kuna mgeni. Na kitanda changu, dada, nitandikie upande wa jenereta.

Falah